Baraza la Viatu la Mji wa Ridhaa

Mji wa Ridhaa haumo katika ramani yoyote, na wasafiri waliowahi kuufikia hawakubaliani uko upande gani wa dunia. Mmoja huapa kwamba uko nyuma ya milima, mwingine hushikilia kwamba uko mbele yake. Wanachokubaliana ni kimoja tu: katika mji huo hakuna jambo la serikali lililowahi kupingwa na raia. Sifa hiyo ndiyo iliyomvuta Siwema binti Mrashi, fundi viatu, mwanamke wa miaka arubaini na ushei aliyerithi kalibu za kuundia viatu na sindano za baba yake, akawa anazunguka nazo nchi hata nchi, akishona palipochanika. Siwema alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni wa kutaka kujua. Aliposikia habari ya mji usiopinga, hakutulia mpaka alipouingia.

Alifikia kwa Bi Arafa, mjane aliyelima mchicha katika bonde lililo chini ya mji, kandokando ya chemchemi ambayo nusu ya wakazi waliteka maji yake. Bi Arafa alimpa chumba cha uani, akampa chai, na kikombe hakijafika nusu akampa na kazi.

"Fundi, nishonee jozi ya viatu. Ngozi iwe ya maana, nisije nikaonekana mtu ovyo mbele za watu."

Siwema akatoa uzi wa kupimia, akainama. "Haya, nipe mguu."

"Mguu wa nini?"

"Nikupime."

Bi Arafa akacheka mpaka chai ikamwagika. "Hapana, mgeni wangu. Hivi si vya mguu. Ni vya baraza."

Siwema akaketi chini kabisa, maana alijua hapo pana hadithi, na Bi Arafa akamweleza.

Sheria ya Ridhaa inasema uamuzi wa halmashauri hauwi uamuzi mpaka wakazi mia moja wawe wamehudhuria kikao. Ni sheria nzuri, na iliandikwa zamani na watu waliokuwa wakisukumana mlangoni ili wapate nafasi ndani. Enzi hizo kila mtu alivua viatu kizingitini, akaingia pekupeku kwa heshima ya ukumbi. Karani wa wakati ule alikuwa mtu mzima, macho yake hafifu. Aliona vichwa vinamsumbua: vinainuka, vinainama, vinageuka kuteta. Viatu vilitulia. Basi akahesabu viatu, akagawa kwa mbili, na idadi ikatoka safi kuliko miaka yote. Kisha siku moja bwana mmoja aliitwa nyumbani, mkewe amepatwa na uchungu, akatoka mbio bila ya kuvaa. Viatu vyake vikahesabiwa, na hakuna aliyeona tofauti. Kikao kilichofuata watu watatu waliacha viatu wakaenda zao shambani. Kilichofuata tena, ishirini. Mwishowe ikatungwa kanuni kwamba jozi moja ni mtu mmoja. Na kwa kuwa kiatu hakisemi, na anyamazaye amekubali, kila jambo likawa linapita kwa kauli moja.

"Na wewe mwenyewe uliingia ukumbini lini?" Siwema akauliza.

"Mimi?" Bi Arafa alishtuka. "Kwani nimekosa nini?"

"Nauliza tu."

"Usidhani mimi si raia mwema, fundi. Viatu vyangu havijakosa kikao miaka kumi na minne. Hivi vya sasa ndivyo panya wamevitafuna, ndiyo maana nataka vipya. Jirani yangu Chande, kinyozi, vyake viliwahi kukosa vikao viwili, na tulimsema mtaa mzima."

Siwema akamshonea jozi ya ngozi nyekundu kwa uzi wa manjano, bila ya kujua inamtosha nani.

Panya hawakuwa wamevitafuna vya Bi Arafa peke yake. Siku ya tatu Siwema aliitwa na karani wa halmashauri, Bwana Ubwa, mtu mwembamba, msafi, mwenye sauti ya taratibu, aliyeweka kalamu juu ya sikio hata alipokuwa anakula. Alimpeleka ukumbini akarekebishe vilivyoharibika kabla ya kikao. Ukumbi ulikuwa mkubwa na baridi. Mbele palikuwa na meza ya madiwani, na kuanzia hapo mpaka mlangoni vilipangwa viatu kwa safu, kila mtaa na safu yake, ncha zote zikielekea mezani.

Siwema alikaa chini akaanza kazi. Mtu aliyekulia katika ufundi huo akishika kiatu hujua mwenye kiatu anachechemea mguu upi, anabeba mizigo au anakaa kitini. Hivi havikumwambia kitu. Soli hazikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Alipofika safu ya nne akaokota makubazi ya ngozi yenye gidamu, zile kamba za kushika kidole, za mtindo ambao hakuwa ameuona tangu utotoni.

"Haya ya nani, Bwana Karani?"

"Ya marehemu Bwana Kiluwa."

"Marehemu?"

"Alifariki mwaka wa gharika," Bwana Ubwa akajibu. "Lakini mahudhurio yake ni mazuri."

Siwema akamtazama aone kama anatania. Hakuwa anatania. Akashona gidamu moja, akashona ya pili, na swali likawa linamwasha ulimini. "Mkazi akitaka kuja mwenyewe, kwa miguu yake, sheria inamkataza?"

Karani akaitoa kalamu sikioni. Kisha akaenda kwenye kabati, akarudi na daftari kubwa, akalipuliza vumbi.

"Haimkatazi," alisema. "Hili ni Daftari la Wasemaji. Mkazi yeyote anaandikisha jina lake hapa kabla kikao hakijafunguliwa, anapewa dakika tano za kusema. Ajenda huibandika mwenyewe pale nje ubaoni, siku tatu kabla, ili watu wajue kinachokuja. Na muhtasari wa vikao vyote uko katika kabati lile. Anayetaka anausoma bure, hapa mezani kwangu. Nilimwekea hata kiti."

Kiti kilikuwapo kweli. Kilikuwa bado kimefungwa karatasi za dukani.

"Wamekuja wangapi?"

"Huu mwaka wa kumi na tisa nasubiri wa kwanza," alisema Bwana Ubwa, bila ya kulalamika.

Siwema akaomba ruhusa ya kubaki siku ya kikao. Karani akamwambia mgeni anaweza kusikiliza ila hawezi kusema, kwa kuwa si mkazi. Akamwonyesha pa kukaa, kando ya dirisha, pasipoziba njia ya viatu.

Siku ilipofika, madiwani saba waliingia wamejitanda mishipi ya kijani. Mwenyekiti wao, Mheshimiwa Dunga, alikuwa mtu mnene mwenye uso mwema. Aliinamia safu za viatu kwa furaha ya kweli.

"Ndugu wananchi," alisema, "nawaona mmependeza. Mtaa wa Juu hamjambo? Mtaa wa Bonde, naona kuna jozi mpya pale, nyekundu. Karibu sana."

Madiwani wakapiga makofi. Karani akahesabu, akatangaza kwamba wakazi mia na kumi na wawili wamehudhuria na akidi imetimia.

Jambo la kwanza lilihusu kiatu cha safu ya pili kilicholala kichwa chini. Diwani mmoja alisema hiyo ni dalili ya upinzani na lazima iandikwe. Mwingine akasema ni kazi ya paka. Wa tatu akauliza: ikiwa ni paka, je, paka ni mkazi? Walijadiliana saa mbili kasoro, kwa heshima na kwa kunukuu vifungu, mpaka ikaundwa kamati ya kuchunguza nia ya kiatu hicho. Siwema alifuatilia kila neno. Hakuwahi kusikia watu wazima wakifikiri kwa bidii namna ile.

Jambo la pili lilichukua muda wa kumeza mate. Mji ulikuwa hauna mahali pa kutupa taka, na halmashauri ilipendekeza dampo lijengwe katika Bonde la Mchicha, juu ya chemchemi, kwa kuwa mteremko wake ni mzuri na mikokoteni itashuka yenyewe.

"Wananchi, mwenye neno?" Mheshimiwa Dunga akauliza. Alingoja. Alikuwa muungwana, alingoja kweli. Siwema alivitazama vile viatu vyekundu vya uzi wa manjano, vimeketi mstari wa mbele. Ulimi ulimpanda mpaka menoni, akauuma.

"Hakuna. Limepita kwa kauli moja, likiwa limesomwa mara ya kwanza. Jumatano ijayo litasomwa mara ya pili, kisha kazi ianze. Asanteni kwa moyo wenu wa maendeleo."

Siwema alishuka bondeni nusu akikimbia. Alimkuta Bi Arafa ameinama katika tuta, akifunga mafungu ya mchicha.

"Bi Arafa, wanaweka dampo hapa. Juu ya chemchemi."

"Nani kakwambia? Haiwezekani. Viatu vyangu vilikuwapo."

"Vilikuwapo," Siwema akasema. "Vimekubali."

Fungu la mchicha likamponyoka mkononi.

Jioni hiyo majirani walikusanyika kibandani kwa Chande kinyozi. Siwema alikaa kwenye gogo akasikiliza, na kila hoja ilimshangaza kuliko iliyotangulia. Mmoja alishauri wote wapeleke mabuti, kwa kuwa buti lina uzito na halmashauri italiogopa. Mwingine alitaka kila kiatu kifungwe njuga. Mama mmoja akasema bora vigeuzwe vyote vitazame mlangoni, vioneshe hasira. Chande mwenyewe aliahidi kupeleka jozi mbili badala ya moja.

"Niruhusuni niulize kitu," Siwema akasema. "Kwa nini msiende wenyewe?"

Chande akaendelea kukwangua kidevu cha mteja wake kwa wembe.

"Nani ataangalia kazi?" akasema Chande.

"Mimi sijui kusema mbele ya wakubwa," akasema yule mama.

"Tutachekwa."

"Wao wanajua zaidi."

"Kuna daftari," Siwema akasema, "na kila mtu ana dakika tano. Nimeliona kwa macho yangu. Kuna na kiti."

Majirani wakatawanyika. Lakini asubuhi, Bi Arafa alijifunga kanga mbili, akapanda kilima. Siwema akamfuata nyuma.

Bwana Ubwa alipomwona mkazi aliye hai kizingitini alisimama wima. Akafungua Daftari la Wasemaji ukurasa wa kwanza, mweupe kabisa. Bi Arafa akaandika jina lake polepole. Kisha akauliza kama ni kweli anaweza kusoma yaliyopita, na karani akachana karatasi za kile kiti kwa kucha.

Bi Arafa alisoma mpaka adhuhuri. Mwanzoni alisoma kwa udadisi, akitikisa kichwa. Halafu akaacha kutikisa. Aliona kwamba miaka tisa iliyopita iliamuliwa mboga zisiuzwe sokoni kabla ya saa sita mchana, ili njia iwe safi wakubwa wapite. Miaka tisa alikuwa akiuza mchicha uliokwisha nyauka. Miaka tisa alikuwa akiilaani amri hiyo kila akitandika gunia, asijue ilitoka wapi.

Chini ya ukurasa paliandikwa majina ya walioridhia. La kwake lilikuwa la sita.

"Mimi?" alisema, kidole juu ya jina. "Mimi ndiye niliyefanya hivi?"

"Viatu vyako, Bi Arafa," Bwana Ubwa akasema kwa upole.

"Viatu havina jina. Hili ni jina alilonipa baba yangu."

Alifunga kitabu. Machozi yalimlengalenga, lakini Siwema aliona usoni mwake kitu kingine, kama mtu aliyepapasa gizani miaka mingi akaupata mlango.

Jumatano, watu kumi na mmoja walipanda kilima. Bi Arafa alikuwa amegonga milango sitini. Chande hakuwamo, alituma jozi mbili kama alivyoahidi. Wale kumi na mmoja waliingia ukumbini wakiwa wamevaa viatu vyao, kwa kuwa pa kuvivua palikuwa pamejaa, wakasimama katikati ya safu wamebanana.

Madiwani walitazamana. Diwani wa kwanza akauliza kama kiatu chenye mguu ndani kinahesabiwa kuwa kiatu, au ni mtu. Wa pili akasema kanuni inazungumzia viatu, haikutaja miguu. Mjadala ulikaribia kuzaa kamati, Bwana Ubwa aliposimama na daftari.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, nina msemaji aliyeandikishwa."

Bi Arafa akasogea mbele. Hakuhutubia. Alisema chemchemi ile inatekwa na nyumba mia tatu, akazitaja kwa mitaa. Alisema mvua za masika hushuka kwa mteremko huohuo walioupenda, na taka zitashuka nazo mpaka katika ndoo. Alisema yeye hapingi dampo, maana taka ni zake pia. Anapinga liwe mahali pa kunywa. Dakika ya nne alikuwa amemaliza, akabaki amesimama hajui aweke wapi mikono.

Mheshimiwa Dunga alikuwa amesikiliza mdomo wazi. Hakuwa amewahi kujibiwa. "Umesema vizuri, mama," alisema, na alimaanisha. "Lakini tazama. Nyinyi mliosema ni kumi na mmoja. Walionyamaza ni zaidi ya mia. Wengi wape."

Bi Arafa akageuka akazitazama zile safu. Akainama, akaokota makubazi ya zamani, akayainua juu.

"Bwana Karani, huyu ni nani?"

"Bwana Kiluwa. Marehemu."

Akaokota mengine. "Na huyu?"

"Bi Sikudhani. Alihamia kwa wanawe, ng'ambo ya mto. Sasa mwaka wa saba."

"Na jozi hizi mbili?"

"Bwana Chande. Zote."

Mtu mmoja akacheka kwa nyuma, akajiziba mdomo. Bi Arafa akaviweka viatu chini kwa adabu, kila kimoja mahali pake. "Basi nakuomba utuhesabu," alisema. "Wakazi waliohudhuria ni wangapi?"

Bwana Ubwa alimtazama mwenyekiti wake, akatazama kalamu yake. Kisha akatembea katikati ya wale watu, akimgusa kila mmoja begani kwa ncha ya kalamu, midomo ikimcheza. Alirudi mezani.

"Kumi na mmoja, Mheshimiwa. Akidi haijatimia. Hakuna linaloweza kupita leo."

"Karani! Miaka yote umehesabu viatu!"

"Miaka yote hapakuwa na kingine cha kuhesabu, Mheshimiwa."

Kikao kikaahirishwa. Wale kumi na mmoja wakashuka kilima wakiimba, wakidhani wameshinda. Wiki mbili baadaye ndipo walipofahamu walichoshinda. Dampo halikujengwa bondeni, wala halikujengwa kokote. Bila ya watu mia hakuna lililoweza kuamuliwa, na taka zikazidi kupanda barabarani mpaka kufikia madirisha. Inzi waliingia katika chai. Waliomsifu Bi Arafa wakaanza kumnunia njiani.

"Umetuletea balaa," Chande alimwambia.

"Njoo basi Jumatano tuliondoe," akamjibu.

Safari hiyo walikuja mia na arubaini na watatu, wengine kwa uzalendo, wengi kwa ajili ya harufu. Siwema alikaa dirishani. Viatu vitupu vilikuwa vimerundikwa uani ili watu wapate pa kukaa. Walianza saa tatu asubuhi. Ilipopendekezwa taka ziende katika shimo la zamani la mawe, nyuma ya kibanda cha Chande, kinyozi aliruka juu ya benchi akasema maneno ambayo Bwana Ubwa aliomba idhini asiyaandike. Walizomeana, wakanyamazishana, wakaanza tena. Mzee mmoja alitumia dakika zake tano kulalamika juu ya mkwewe. Mwalimu wa shule akauliza kwa nini maganda yatupwe, na mashamba yanalilia mbolea. Hapo pakatulia, watu wakaanza kusikilizana. Bi Arafa akakubali maganda yote yaje bondeni kwake na kwa wenzake. Kilichobaki kikapelekwa shimoni, kwa sharti la ukuta. Walipiga kura kwa mikono. Sabini na wanane walisema ndiyo, sitini na watano hapana. Chande alikuwa miongoni mwa walioshindwa. Alitoka akisema hawajamaliza naye, na kwamba mwezi ujao atakuja na ndugu zake wote.

Mheshimiwa Dunga alikaa kizingitini akijipangusa jasho. Siwema akampa maji.

"Fundi," alisema baada ya kunywa, "miaka yote hii nilikuwa nadhani hotuba zangu ni nzuri."

Siwema akamjazia tena kikombe.

Kazi ya viatu vya baraza ilikwisha siku hiyo, ila ilikuja nyingine, ya soli zilizokwanguka kwa kupanda kilima. Siwema alikaa mwezi mmoja zaidi. Asubuhi ya kuondoka alifunga mzigo wake, akaenda kumuaga mwenyeji wake. Hakumkuta shambani. Bi Arafa alikuwa amechaguliwa katika kamati ya taka, kwa kura na bila ya kuulizwa, na kamati ilikuwa inakutana kibandani kwa Chande, ambaye naye alichaguliwa ili aache kupiga kelele nje.

Siwema alisikia sauti zao akiwa mbali. Walikuwa wanagombania saa ya mikokoteni kupita. Chande alitaka ipite alfajiri kabla wateja hawajafika. Bi Arafa alisema wasukuma mikokoteni nao wana haki ya kulala. Bwana Ubwa alikuwa katikati yao, akiandika kwa kasi.

"Nimekuja kuaga," Siwema akasema mlangoni.

Bi Arafa akainua kiganja bila ya kugeuka. "Dakika moja tu, fundi. Huyu mtu hanielewi."

"Nakuelewa sana," akasema Chande. "Sikubaliani nawe tu."

Siwema akautua mzigo, akakaa kwenye ngazi asikie itakavyokwisha. Jua likapanda, likasimama utosini, likaanza kupinda. Ndani ubishi ulikuwa umefika saa ya mkokoteni wa tatu.